Makonyo wa Bint Makoongwe

3 Agosti, Mtambile

Sauti iliyonirudisha nyumbani Pemba ni msonyo. Hauzidi sekunde mbili. Ndio unaofungua wimbo wa "Salamu Sidai" wa Bint Makoongwe, kabla ya ngoma, kabla ya kinanda, kabla ya neno lolote. Niliusikia mara ya kwanza mwaka juzi hosteli, Unguja, kwenye simu ya msichana wa Tanga aliyekuwa akipiga pasi. Yeye alicheka. Mimi nilikaa kitandani nikamwomba aurudie, kwa sababu nilijua ule si msonyo wa studio. Ni msonyo wa uani, wa mwanamke aliyekaa juu ya jamvi na rundo la karafuu mbele yake, na mbaya wake anapita.

Tangu siku ile nasomea shahada ya uzamili juu ya mwimbaji huyu: nyimbo zake, haiba aliyojijengea (miwani myeusi, kanga ya kisutu, lafudhi ya Pemba asiyoibadili mbele ya mtangazaji yeyote), na mashabiki wake. Wanajiita Makonyo. Mtangazaji mmoja alisema redioni kwamba wanaompenda Bint Makoongwe ni makonyo tu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Wao wakalichukua tusi wakalifanya jina. "Makonyo nayo yana mafuta," waliandika kila pahala.

Msimamizi wangu, Dk. Zahran, amenipa masharti mawili. Sura kuu ya utafiti iwe mbele ya jopo tarehe 30 Septemba, na ndani yake yawemo mahojiano na msanii mwenyewe. "Bila ya msanii, Intisar, hizo zitakuwa porojo za uani." Nisipopita natolewa chuoni, muhula wa ziada nimeshautumia. Meneja wa Bint Makoongwe, bwana anayeitwa Fahd, nimemwandikia mara saba. Hajajibu.

Jirani kamuuliza mama leo nasomea nini. "Lugha," mama kasema, akageuza mazungumzo.

4 Agosti

Wachumaji wameingia shamba la juu. Fahd hajajibu.

7 Agosti

Karafuu za kwanza zimeshuka. Babu yangu alikuwa na mashamba matatu. Sisi tumebakiwa na mikarafuu sitini, na uani ni ule ule. Baada ya alasiri wanawake wa mtaani huja kutuchambulia. Karafuu ikichumwa leo ichambuliwe leo, kesho ianikwe. Ikilala kwenye gunia inavunda.

Anayewaongoza ni Bi Mwatum, jirani yetu wa upande wa barabarani. Ana kama miaka arubaini na mitano, mkono wake ni mwepesi na sauti yake inafika msikitini. Hufika na binti yake, Mardhiya, ambaye ndiye msimamizi wa kundi la simu la Makonyo wa Kusini, watu mia nne na ushei, kutoka Mkoani mpaka Maskati. Huyu kwangu ni dhahabu. Nimekuja na fomu za maswali ishirini na sita.

"Swali la kwanza," nikamwambia. "Unajisikiaje unapomsikiliza Bint Makoongwe?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

Akamtizama mama yake. Bi Mwatum akasema bila kuinua macho, "Mwambie kama ukila embe. Pengine embe anaijua."

Wakacheka wote. Nami nikaandika: *mtoa taarifa ana mwelekeo wa kukwepa.*

12 Agosti

Mvua ya mchoo, ile ya manyunyu ya Agosti. Majamvi yametolewa na kuingizwa mara tatu.

15 Agosti

Leo Bi Mwatum alinishangaza. Nilimpigia mahojiano ya redio ya Bint Makoongwe nikamuuliza kama anaamini huyu ni mtu wa kisiwa cha Makoongwe kweli. Suala hili lina makala nyingi: eti lafudhi yake ni ya kuigiza. Alisikiliza dakika moja tu.

"Kalelewa na bibi yake, kisha kapelekwa mjini mapema," akasema. "Maneno yake ya kizee. Ya vijana hanayo."

"Kwa hiyo anatudanganya?"

"Anamdanganya nani? Kasema yeye bint Makoongwe, hakusema kazeekea Makoongwe."

Nilisoma makala kumi na moja kufika hapo. Yeye alikuwa na karafuu mkononi. Sikulifurahia jambo hili kama ilivyonipasa.

19 Agosti

Nataka kuandika yote, na kwa utaratibu.

Visikizi vyangu vya simu vimekufa sikio moja. Baada ya alasiri nilijifungia chumbani nipime ule msonyo: una urefu gani, unaanza wapi, pumzi imeachwa wapi. Nikauweka ujirudie kwa sauti ya simu yenyewe. Msonyo, kimya, "Ukipita nipitie, salamu mie sidai." Msonyo, kimya, "Ukipita nipitie." Dirisha langu linatazama uani, na lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilirudia mara arubaini na moja. Ninajua kwa sababu nilikuwa naandika.

Nilipotoka kuchota maji, hapakuwa na mkono uliokuwa ukichambua. Bi Mwatum alikuwa amesimama akikung'uta kanga yake.

"Ushamaliza?" akaniuliza.

"Bado kidogo, Bi Mwatum."

"Bado kidogo! Mmemsikia? Arubaini hazimtoshi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwezi uliopita mumewe, Mzee Nyange, ameoa mke wa pili kijiji cha Chokocho. Wimbo wenyewe unawahusu mwanamke na mke mwenziwe wasiosalimiana. Na huku kwetu wimbo haupigwi bure. Mtu akiwa na neno na jirani hamwambii. Huweka simu ndani ya sufuria tupu dirishani ili sauti ikue, akamvizia anapita, akampigia. Mpigiwa anajua, mtaa unajua. Hayo nimeyaandika mwenyewe ukurasa wa tisa wa pendekezo langu la utafiti, kwa maneno mazuri kabisa.

"Mie mume wangu kaoa," Bi Mwatum akasema. "Sikuua mtu. Aliyekutuma mwambie wimbo umefika."

"Hakunituma mtu, wallahi. Ni utafiti."

"Utafiti wa nini? Wa msonyo?"

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu ni kweli.

Kuna mmoja aliyecheka nyuma, na kicheko kile kilifunga mlango. Bi Mwatum alimshika Mardhiya mkono. Wengine wakafuata. Nusu ya karafuu zilibaki chini na mashina yake.

Mama alikaa jamvini akaendelea kuchambua, nami nikakaa upande wa pili. Tulipoitwa magharibi vidole vyangu vilikuwa vyeusi na rundo halijapungua.

20 Agosti

Mardhiya kanitoa kwenye kundi. Hakuaga.

21 Agosti

Hakuja mtu. Gunia moja limeanza kutoa harufu.

23 Agosti

Nilimwandikia Bi Mwatum barua ya kuomba radhi, ukurasa mmoja na nusu, nikampelekea mlangoni. Akaipokea kwa heshima zote, "Ahsante mwanangu," akaifunikia mtungi wa maji.

Tumemwaga gunia mbili zilizovunda. Wachumaji mama kawapumzisha; hakuna maana ya kuchuma kisichochambuliwa. Na Dk. Zahran kauliza kama takwimu za mashabiki zimekamilika. Nimemjibu kwamba zinaendelea vizuri. Nilikuwa sijawahi kumwongopea mwalimu.

25 Agosti

"Umemwandikia barua," mama kasema leo, tukianika zile chache. "Mtu umemrushia wimbo, kisha unampelekea barua."

"Nifanye nini basi, mama?"

"Wimbo haurudishwi kwa maneno. Enenda kwake, ukae kwenye jamvi lake, akuimbe. Wote wakusikie ukiimbwa. Na kiitikio uitikie wewe."

"Lakini sikumrushia mimi!"

"Nani kasema ulimrushia? Ulimfikia. Mwenye kufikiwa ana haki ya kujibu." Akageuza karafuu kwa kiganja. "Na hiyo simu yako, na daftari lako, viache hapa."

Nimekaa na neno hilo, ulimfikia, tangu adhuhuri. Vitabu vyangu vyote vinaanza na mwimbaji alikusudia nini.

26 Agosti

Nilikwenda baada ya alasiri, mikono mitupu. Kwa Bi Mwatum walikuwa wanawake tisa wakichambua karafuu za shamba la shemejiye. Nikatoa salamu. Wakaitikia, maana salamu ya Mungu hairudishwi nyuma, lakini hakuna aliyesogea. Nikakaa pembeni, nikavuta shada nikaanza: unalikamata shina kwa mkono wa kulia, unalikandamiza kwenye kiganja cha kushoto, karafuu zinaruka, konyo linabaki. Ukiondoa jioni ile na mama, kazi hii nilikuwa sijaifanya kwa dhati tangu darasa la sita.

Halafu Bi Mwatum akaanza, tuni ni ile ile ya "Salamu Sidai":

*Kaja na chake kidude, mdomo anipimia,*
*Ajue wapi nisonye, ajue na pa kulia;*
*Mwana kaa uchambue, mkono utakwambia.*

Wakanitizama wote. Kiitikio kilikuwa changu. Mimi sijaimba mbele ya watu maisha yangu yote, hata maulidi nilikuwa najificha nyuma ya nguzo. Nilifungua mdomo ikatoka sauti kama ya mlango, "Ukipita nipitie, salamu mie sidai," na Mardhiya akaangukia makonyo kwa kucheka.

"Tena," Bi Mwatum akasema. "Huyo alikuwa mbuzi. Sasa tumsikie Intisar."

Nikaitikia tena. Alinirushia beti sita. Moja inasema nimesoma mpaka nimesahau kula kwa mkono. Nyingine inasema dirisha langu lina kizungumkuti. Kila ubeti uliofuata ule wa kwanza uliingia mahala pamoja: baada ya kiitikio, pale ambapo kwenye wimbo wa studio sauti ya Bint Makoongwe inanyamaza na kinanda kinabaki peke yake. Pale mimi nimeandika katika rasimu: *pumziko la ala, halina umuhimu.* Mikono ya wanawake tisa ilikuwa ikikandamiza karafuu kwa mapigo yale yale, na pumziko lile lilitosha ubeti mmoja, bila kuzidi hata silabi. Haliko pale kwa kupumzika. Ameliacha wazi. Yeye anaimba neno lake, kisha anamngojea msikilizaji ajibu.

Nilitamani daftari mpaka viganja vikaniwasha. Nikaendelea kuchambua.

Mwisho Bi Mwatum akanyamaza, wote tukadhani kamaliza. Akaimba tena, polepole, na safari hii hakuwa akinitizama mimi:

*Salamu nakupa mie, si kwamba nakuogopa;*
*Anzaye kutoa ndiye, mwenye kingi cha kukupa.*

Mardhiya alikuwa ameinama. Bi Mwatum akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Huyo wa Chokocho nitamwanza mie," akasema. "Haya, chambueni, jua linakwenda."

Niliporudi nyumbani mama aliniuliza imekuwaje. Nikamwonesha mikono. Akacheka mpaka akakaa chini.

27 Agosti

Wamekuja wote uani kwetu. Bi Mwatum katangulia. "Leo dirisha liko salama?" kauliza tangu barabarani.

29 Agosti

Mardhiya alimrekodi mama yake, kwa ridhaa yake, akiimba ule ubeti wa salamu juu ya wimbo wa Bint Makoongwe, akautupia kundini. (Nimerudishwa kundini. Jina nililopewa ni Bi Kidude-cha-Kupimia.) Hadi asubuhi umefika Mombasa. Kuna mwanamke wa Maskati kajibu kwa ubeti wake, na mwengine wa Tanga kamjibu huyo. Kila mmoja anaingia kwenye pumziko lile lile. Hakuna aliyewafundisha.

4 Septemba

Nimekusanya beti mia na thelathini na mbili. Fomu zangu za maswali zimekwenda kufunikia sufuria.

9 Septemba

Naandika asubuhi, nachambua jioni. Nikikwama kwenye hoja humuuliza Bi Mwatum. Leo nilimsomea aya mbili. "Ya kwanza nzuri," kasema. "Ya pili umeisema ile ya kwanza tena, lakini kwa suti." Nimeifuta ya pili.

13 Septemba

Kelele kutoka kwa kina Mardhiya. Bint Makoongwe kaimba jukwaani Dar es Salaam jana, na ilipofika pumziko hakunyamaza. Kaimba "Salamu nakupa mie." Ubeti wote! Mtaa mzima uliingia uani kwao kutazama kwenye simu moja. Wanawake walipiga vigelegele. Mama yangu naye, ambaye miaka miwili kawaambia watu nasomea lugha, alisema kwa sauti, "Huyu mwanangu ndiye anayeusomea muziki huu. Chuo kikuu."

Bi Mwatum aliangalia mpaka mwisho.

"Kanitaja?" akauliza.

Mardhiya akatikisa kichwa.

"Si kitu. Kaimba vizuri." Akarudi kwenye karafuu zake.

14 Septemba

Nilimuuliza Bi Mwatum kama nikimtaja kwenye sura yangu nimwandike kwa jina la kubuni, kama taratibu za utafiti zinavyoruhusu.

"La kubuni kwa nini? Nimeiba?" akasema. "Liandike langu, na la baba, na la babu."

Mwatum Talib Bakar.

20 Septemba

Fahd kajibu! Barua nane nimemwandikia bila kupata hata nukta, leo kajibu aya tatu. Amesikia kwamba kuna mtafiti anaandika habari za ule ubeti. Bint Makoongwe yuko tayari kunipa mahojiano ya saa mbili, ya kwanza kumpa mwanachuo yeyote. Sharti ni moja: sura isiseme kwamba ubeti ni wa "mama wa kijijini". Iseme ni wa msanii, ameutoa kwenye mapokeo. Wimbo unarekodiwa upya, anasema, na hataki mkanganyiko.

Nimeisoma mara nyingi. Saa mbili naye. Ningemuuliza kuhusu msonyo.

22 Septemba

Dk. Zahran kafurahi sana kwenye simu. "Hii ndiyo bahati, Intisar. Mapokeo ni neno pana, hujadanganya. Unampa alitakalo, unapata ulitakalo, jopo linakupitisha. Bila ya mahojiano sikuhakikishii kitu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umekubali?"

"Nimekusikia, mwalimu."

25 Septemba

Wingu zito, halinyeshi. Mikarafuu ya mwisho imemalizwa. Nimejifungia na barua ya Fahd. Mama kaniwekea chai mlangoni.

28 Septemba

Bi Mwatum kaenda Chokocho na sahani ya mkate wa kumimina. Karudi bila sahani. Mardhiya anasema ni dalili njema: sahani lazima irudishwe, na hairudishwi tupu.

29 Septemba

Nimetuma barua mbili asubuhi. Sasa napiga pasi nguo ya kesho.

30 Septemba

Tumepita. Naandika "tumepita" na sitaifuta.

Jopo lilikuwa kwa njia ya video, wao Unguja, mimi Madungu, Chake Chake, katika ofisi ya kuazima, maana mtandao wa Mtambile hauna imani. Bi Mwatum na Mardhiya walisema wana shughuli Chake Chake. Shughuli yenyewe ilikuwa kukaa kwenye benchi nyuma ya kompyuta, mahali kamera haifiki, mikoba magotini.

Nilisema kwa dakika ishirini. Nilisema kwamba haiba ya Bint Makoongwe hakuijenga peke yake. Kwamba nyimbo zake zina mlango ulioachwa wazi kwa kusudi, na kwamba shabiki wa Pemba anapousikia wimbo anasikia zamu yake imefika.

Profesa mmoja akakohoa. "Binti, hilo pumziko linaweza kuwa pumziko tu. Ushahidi uko wapi?"

"Naomba niupige wimbo, Profesa."

Nikaupiga. Msonyo, ngoma, ubeti wa kwanza, kiitikio. Kinanda kikabaki peke yake. Bi Mwatum, kutoka kwenye benchi, hakuweza kujizuia. Nafikiri hata hakujua kama anaimba. "Salamu nakupa mie, si kwamba nakuogopa..." Ubeti ukaingia wote, ukamalizika pale kiitikio kinaporudi, kama ufunguo kwenye kitasa chake.

Mardhiya alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio. Kisha Dk. Asma wa jopo, mwanamama mtu mzima ambaye tangu mwanzo alikuwa akiandika bila kuinua kichwa, akasogea karibu na kipaza sauti chake. Wimbo ulikuwa bado unakwenda. Likafika pumziko la pili, naye akaimba ubeti! Wa kwake, alioutunga hapo hapo, juu ya maprofesa wanaodai ushahidi wakati umekaa uani kwao. Yule aliyekohoa alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani huyo wa kwanza?" Dk. Asma akauliza.

"Mwatum Talib Bakar," nikasema. "Yuko ukurasa wa kwanza."

"Basi na aonekane."

Bi Mwatum akaingia kwenye kamera akijitengeneza kanga. "Shikamooni wote," akasema. "Huyu mtoto kachambua gunia nyingi."

Walitujadili kwa robo saa. Sura imepita bila ya mahojiano na bila masahihisho makubwa, na Dk. Asma anataka ichapishwe. Tulipotoka nje Bi Mwatum alipiga kigelegele barabarani, mchana kweupe, na mimi nikakiitikia. Sikujua kama ninacho.

1 Oktoba

Dk. Zahran kanipigia asubuhi. Alikuwa mpole. Kasema amejifunza jambo, na mtu kama yeye halisemi hilo kila siku. Kisha akasema kwamba kwa kuwa sura imepita, sasa nimfuate Fahd, nipatane naye, neno moja likibadilishwa katika nakala ya mwisho hakuna atakayedhurika, na mahojiano yatakuwa taji la kazi yote.

Nikamwambia kwamba nilishamjibu Fahd juzi, saa mbili asubuhi, kabla sijajua kama jopo lingenipitisha au lingenitoa. Niliandika mistari mitatu: namshukuru, mahojiano siyachukui, na ubeti una mwenyewe. Barua ya pili niliipeleka ofisi ya usajili wa kazi za sanaa, pamoja na rekodi ya Mardhiya na tarehe yake, kwa jina la Mwatum Talib Bakar. Risiti ya kupokelewa imefika leo. Bi Mwatum ameshaitia saini.